Akina Kambale waliobaki nje ya kabati

Jumamosi, jioni. Mvua ilianza alfajiri, ikapumzika kidogo saa sita, kisha ikaendelea kama iliyotumwa. Ziwa halionekani, mlima hauonekani. Nina matope ya mtaa wa Katindo mpaka magotini na bado sijanawa, kwa sababu nikinawa nitajilaza, na nikijilaza sitaandika.

Alhamisi nilimwambia mama mmoja mzee kwamba mwanawe hayupo.

Yupo.

Nimekaa na jambo hilo tangu saa nne asubuhi. Nimejaribu kulisema kwa sauti, peke yangu, hapa mezani, nikashindwa kulimaliza. Acha niandike kwa mpangilio, labda nitaona vizuri mahali nilipokosea.

Kwa asiyenijua: mimi ni Kasereka, natengeneza telefone. Nina diploma ya sekondari na hakuna kingine. Mwenye kichwa cha mashini, yaani kompyuta, alikuwa mke wangu, Zaina. Alifariki miezi saba iliyopita kwa homa ya siku nne. Siku ya tatu alikuwa bado ananiuliza kama nimechaji betri. Aliniachia vilemba sita, sufuria ya pilau ambayo sijaigusa, na programu moja.

Programu hiyo inaishi kwenye meza ya ukumbi wa parokia yetu. Vita vimetawanya watu, kila mtu hapa anajua. Anayefika kwenye mahema au kwa jamaa anaandikisha jina lake na mahali alipo. Anayemtafuta mtu anakuja mezani anataja jina, nasi tunamtafutia. Mwanzoni yalikuwa madaftari, na kutafuta jina moja kulichukua nusu ya asubuhi. Zaina alikuja akaweka mashini. Alikuwa Mwislamu, watu wake ni wafanyabiashara waliotoka Maniema, na kila asubuhi alikaa na kilemba chake chini ya picha ya Bikira Maria bila mtu kusema neno. Mama Georgette, anayeongoza meza, alimletea kiti chenye mto.

Moyo wa programu ni kitu kinachoitwa jedwali la hashi. Zaina alinifundisha hivi: fikiria kabati lenye droo nyingi sana. Jina likija, mashini inapiga hesabu ndogo juu ya herufi zake, na hesabu inasema jina hili liende droo fulani. Ukilitafuta kesho, hesabu ni ileile, droo ni ileile. Hufungui kabati zima, unafungua droo moja. Kwa hiyo kabati zuri ni lile linalotawanya majina sawasawa. Yakijazana katika droo moja utayapekua moja moja, na hapo umerudi kwenye daftari.

Watu hawajengi kabati hilo wenyewe. Wapo wengine duniani walioandika makabati ya haraka na kuyaacha wazi, bure, kila mtu achukue. Hizo ndizo huitwa maktaba huria. Zaina alichukua moja. Nami kwa miezi saba nimekuwa nikiwasha mashini yake asubuhi na kuizima jioni, bila kugusa kitu, kama mtu anayelinda nyumba ya jirani.

Halafu mashini yake ikafa.

Tulipewa nyingine, mpya kuliko ile. Majina yalikuwa salama kwenye flashi, na programu pia. Lakini ile mashini mpya ilikataa maktaba ya Zaina, ikasema ni ya kizamani. Nikatafuta toleo jipya lake, nikakuta mwenye nayo alishaifuta mtandaoni. Hapakuwa na barua wala sababu. Ni kama kufika dukani ukakuta ukuta.

Wiki nzima tulitafuta kwa njia ya polepole, kutoka jina la kwanza mpaka la mwisho. Watu walisimama kwenye mvua. Jumatatu Mama Georgette alinivuta pembeni.

"Kasereka, mutoto wangu. Hii kazi ya marehemu tunaiheshimu. Lakini mutu anakuya na machozi, unamwambia angoye mashini iamuke? Ukishindwa mpaka Jumatatu ingine, tunarudilia makaye yetu."

Nilikuwa nafikiri kwamba wakirudia madaftari, mashini itafungiwa kwenye sanduku, na Zaina atakuwa amekufa mara ya pili, safari hii mikononi mwangu.

Basi Jumanne nikaenda mtaa wa Himbi. Rafiki yangu Patrick ni mlinzi wa ofisi moja kule, na kwenye benchi lake mtandao wa ofisi unafika.

"We Kasereka, umekuya kuona miye ao Wi-Fi?"

"Wi-Fi."

"Basi isalimie kwanza. Miye nitangoya."

Nilipata maktaba tatu. Majina yake ya kweli ni ya herufi tu, nikazipa majina ya nyumbani ili nisizichanganye.

Ya kwanza niliita Mkubwa. Ina kila kitu, imeandikwa kwa uangalifu, ina maelezo marefu kama Biblia. Lakini haitembei peke yake. Kuna chombo kinachokuletea maktaba pamoja na kila inachokitegemea, nacho nilipokiagiza Mkubwa, kikasema Mkubwa anahitaji mwenzake. Mwenzake akahitaji wawili. Mmoja wa wale wawili akataka chombo chenyewe kiwe cha toleo jipya, na toleo jipya likataka mengine. Ni kama kualika mjomba mmoja kwenye mahari na kumwona anashuka na basi zima la wajomba, kila mjomba anauliza atakaa wapi. Mpaka saa tisa mtandao ulikuwa umekatika mara tatu na Mkubwa hajavuka mlango. Nikamwacha.

Ya pili niliita Mkimbiaji. Wenyewe walikuwa wameweka michoro ya mashindano, na katika kila mchoro Mkimbiaji yuko mbele, peke yake, wengine wanakula vumbi. Sikusoma zaidi. Macho yangu yalikuwa yamechoka na moyo ulikuwa umeshachagua.

Ya tatu ilikuwa faili moja tu. Haitegemei kitu. Haijaguswa kwa miaka, na kwenye michoro iko karibu na mkia. Nikaiita Kadogo, nikaichukua kwa huruma tu, jinsi unavyochukua ndizi ya mwisho kwa muuzaji.

Zaina alikuwa na kanuni yake kuhusu mambo haya. Familia yake walikimbia lava ya mlima huu wa moto na duka zima kichwani, na yeye alikuwa mtoto aliyebeba mizani. Hakuamini maktaba inayokaa mbali. Alikuwa akisema, kitu usichoweza kukibeba kichwani siku mlima unamwagika, hicho si chako, umekiazima. Kila alichokitumia alikinakili ndani ya folda yake mwenyewe, na folda hiyo aliiita "mizigo". Ndani yake nilikuta kila kitu isipokuwa lile kabati. Alikuwa ameandika kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya begi: "Kabati bado. Wiki ijayo."

Wiki ijayo ndiyo ile homa ilipoanza.

Jumanne hiyohiyo nikafungua programu ili kuondoa kabati la zamani na kuweka Mkimbiaji. Na hapa naomba nisiseme uongo.

Karibu na mahali jina linapoingia kabatini, kulikuwa na mstari mmoja wa Zaina. Kazi yake ni kugeuza jina, mwisho uwe mwanzo, kabla ya kulitia kabatini. Pembeni yake alikuwa ameandika maneno ambayo mashini haiyasomi, ya wanadamu tu: "juu ya Wanande wangu".

Nilidhani ni mzaha. Zaina alikuwa na mizaha mingi juu yetu. Sisi Wanande tunawapa watoto majina kwa kufuata walivyozaliwa. Mvulana wa kwanza Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Msichana wa kwanza Masika, na kuendelea. Mara ya kwanza nilipompeleka kwetu Butembo, aliwaamkia watu wa uani mmoja mmoja, akanigeukia akaninong'oneza: "Nyinyi hamwiti watoto majina. Mnawapa namba." Mama yangu alisikia. Akacheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo Zaina akawa wa kwetu.

Kwa hiyo niliuona ule mstari na maneno yale, "Wanande wangu", nikasikia sauti yake kabisa, ya asubuhi, kabla hajanywa chai. Ukanichoma. Nikajiambia kugeuza majina kunapoteza muda, kwamba ni mzigo usio na faida.

Nikaufuta.

Niliufuta kwa sababu uliniumiza, nikajidanganya kwamba ni kwa sababu ya mbio.

Jumatano kila kitu kilikaa sawa. Alhamisi asubuhi tukafungua mlango na mashini ilikuwa inajibu kabla kidole hakijainuka. Mama Georgette alipiga makofi. "Aksanti Yesu, aksanti Zaina!" Nilitoka nje nikajifanya natafuta mwamvuli.

Na yule mama akaja saa tano.

Alikuwa mdogo wa umbo, kitenge kimelowa, rozari imezungushwa kwenye mkono. Alibeba mfuko wa plastiki ambao hakukubali kuuweka chini. Nikamwita Koko, kama tunavyowaita bibi zetu. Akasema anaitwa Masika, ametoka upande wa Butembo, na anamtafuta mwanawe, mwanamume mzima, muuza maharage, Kambale Siviri. Akafungua mfuko kunionyesha. Ndani kulikuwa na viatu vyeusi vya kiume vilivyopakwa rangi vizuri.

"Alikimbia na kandambili," akasema. "Viatu vyake njo hivi."

Nikaandika jina. Nikabonyeza.

Hayupo.

"Tayari?"

"Tayari, Koko."

"Mbona haijatafuta?"

"Imetafuta. Ni mashini ya mbio."

Akaitazama kwa muda, jinsi mtu anavyomtazama daktari kijana. "Angalia tena, mutoto wangu. Kambale ni mupole. Popote anakaa nyuma ya batu."

Nikaandika tena. Hayupo. Nikamwambia pole, ajaribu tena mwezi ujao. Akasema hatakuwepo mwezi ujao. Amelala kwa jamaa Katindo, karibu na ukuta wa kambi ya askari, na Jumatatu alfajiri anarudi kwao na lori. Kwenye daftari la siku niliandika "Masika, Katindo". Hana telefone. Nikasahau, au nikaona haina maana, kumuuliza jina lake la pili.

Akanishukuru. Akafunga mfuko wa viatu vizuri, mafundo mawili, akanishukuru mara ya pili akiwa mlangoni.

Ningependa angenitukana.

Leo asubuhi nilikuwa hapa nyumbani na mashini na daftari la meza, ambavyo hulala kwangu mwisho wa wiki, nikinakili kazi kwenye flashi ya akiba, mvua inapiga bati. Na nikakumbuka kitu nilichokuwa nakikwepa.

Kila asubuhi kabla ya kufungua mlango, Zaina alikuwa akitafuta jina langu. Jina langu ndilo la kwanza kabisa kuandikwa katika programu. Aliliandika siku ya kwanza, kwa kujaribu, na mahali pa "yuko wapi" akaweka "nyumbani, anaunguza maharage". Alikuwa akiandika Kasereka na jina langu la pili, anabonyeza, anasoma jibu kwa sauti mbele ya watu wote wa meza: "Mume wangu yupo. Kama yeye yupo, wote wapo. Fungueni." Watu walicheka kila asubuhi kana kwamba ni jipya.

Tangu afe sijaweza kulitafuta jina hilo. Hata siku moja. Nilimwambia Mama Georgette si lazima, ni mchezo tu.

Haukuwa mchezo. Lilikuwa jaribio.

Saa nne asubuhi nikaliandika. Nikabonyeza.

Hayupo.

Nilicheka kwanza. Halafu nikahesabu majina yaliyo kwenye flashi, nikahesabu yaliyo ndani ya kabati la Mkimbiaji. Hesabu hazikulingana. Si kwa wachache. Nikaitisha orodha ya waliokosekana, ikaanza kushuka kwenye kioo: Kambale, Kambale, Kasereka, Kambale, Masika, Kakule, Kasereka, Masika, Kambale. Ilishuka kwa muda mrefu. Ilikuwa kama kutazama watu wa kwetu wakipita.

Hapo ndipo nikasoma maelezo ya Mkimbiaji, yale niliyoyaruka kwenye benchi la Patrick. Anakimbia kwa sababu hasomi jina zima. Anasoma herufi nane za mwanzo tu, na kwa herufi hizo nane anachagua droo. Kwa waliomtengeneza hilo ni sawa, kwao labda watu wanatofautiana mwanzoni. Nikahesabu kwa vidole: Kasereka ni herufi nane. Kwa Mkimbiaji, akina Kasereka wote wa dunia ni mtu mmoja, droo moja. Akina Kambale vilevile, herufi saba na nafasi; Masika na Kakule wanabakiwa na herufi moja tu ya jina la pili. Na droo ikijaa, Mkimbiaji hapanui kabati. Anakataa kupokea, anatoa ishara ndogo ya kusema amekataa, na kuendelea na mbio zake. Ishara hiyo inatakiwa isomwe na aliyeandika programu.

Sikuisoma. Sikujua ipo.

Na kwa kuwa programu huingiza kwanza walioandikwa karibuni, waliokataliwa ni wale wa zamani. Wale walioandikwa na Zaina kwa mkono wake.

Kwa hiyo mbio zile tulizopigia makofi zilikuwa hizi: kabati lilikuwa jepesi kwa sababu watu walikuwa wamebaki nje, na waliobaki nje ni wale wenye majina ya kawaida kuliko yote.

Sasa ule mstari. Ukiligeuza jina, mwisho ukawa mwanzo, herufi nane za kwanza zinatoka kwenye jina la pili, lile ambalo kila mtu ana lake. Akina Kambale wanatawanyika, kila mmoja anapata droo. Kabati lake la zamani bila shaka lilikuwa na ugonjwa uleule, na yeye, mtu wa Maniema aliyeingia kwetu kama mgeni, aliuona. Mimi niliyezaliwa ndani yake sikuuona. Kwangu Kambale na Kambale ni watu wawili tofauti kabisa, mmoja anachechemea na mwingine anadai kuku wake. Nilidhani mashini nayo inajua.

Juu ya Wanande wangu, yaani kwa ajili yao. Halikuwa neno la kutucheka. Alikuwa anatulinda.

Niliurudisha ule mstari herufi kwa herufi, pamoja na maneno yake ya pembeni. Kisha nikamwondoa Mkimbiaji. Pengine kwa mstari wa Zaina angefanya kazi vizuri, lakini siwezi tena kukaa meza moja na mlinda mlango anayekataa watu kimyakimya. Nikaweka Kadogo. Kadogo akijaza droo anasimama, anaongeza kabati, anawahamisha wote, ndipo anaendelea. Ndiyo maana yuko kwenye mkia wa michoro. Anachelewa kidogo, kiasi cha kupepesa macho. Hamkatai mtu. Nikamnakili ndani ya "mizigo", faili moja, nikaichana ile karatasi ya "wiki ijayo", halafu nikaviokota vipande vyote nikavitia kwenye bahasha. Sijui kwa nini niliichana.

Nikahesabu tena. Hesabu zikalingana.

Nikaandika jina langu. "Yupo. Nyumbani, anaunguza maharage. Ameandikwa na: Z."

Nikaandika Kambale Siviri. "Yupo. Lac Vert, mahema ya nyuma ya kanisa dogo. Ameandikwa na: Z."

Nilikaa chini sakafuni.

Nikachukua daftari la Alhamisi na Ijumaa, nikarudia kila jina tulilosema hayupo. Wawili wengine walikuwa wamo. Nikakimbia kwa Mama Georgette na lile daftari chini ya shati. Alinisikiliza bila kunikata, mkono umeshika mwiko. Wale wawili walikuwa na namba, akawapigia palepale, na kupitia telefone nilisikia mwanamke akipiga kelele ya furaha ambayo sikustahili kuisikia.

Kisha Mama Georgette akanigeukia. "Zaina angekamata hii masikio yako mpaka ingetoka." Akaweka mwiko chini. "Na yule Koko wa viatu?"

"Hana namba. Yuko Katindo."

"Katindo ni kubwa."

"Najua, Mama."

"Basi unasimama hapa juu ya nini? Enda! Mambo ya makaye tutaongea Jumatatu."

Nikaenda Katindo. Nikaanzia kwenye ukuta wa kambi, nikagonga mlango wa kwanza, nikasema namtafuta Koko Masika. Mwanamume aliyefungua akageuka akaita ndani, "Masika!" Akatoka msichana wa miaka sita mwenye kijiko mdomoni. Mlango wa pili Masika alikuwa mama mwenye duka. Mlango wa nne walikuwa wawili, dada wa mke na mke. Wa tano mama mmoja aliyekuwa anakinga maji ya mvua kwenye beseni alinitazama nilivyolowa.

"Masika gani, papa? Hapa kila mlango iko na Masika yake. Jina ya pili?"

"Silijui."

"Unatafuta mutu bila jina ya pili, Katindo, na hii mvua?" Akawaita majirani waje wanione. "Muone mutu! Ni bibi ya kuoa unatafuta ao ni nyanya?"

"Nyanya. Ana mfuko wa viatu."

Walicheka. Halafu mmoja akaacha kucheka akauliza, viatu vya nani? Nikawaeleza. Yule wa beseni akaingia ndani akatoka na mwamvuli uliovunjika mbavu mbili, akanipa.

Nilipita mlango kwa mlango mpaka saa kumi na moja, nikipekua droo moja iliyojaa, moja moja, jinsi mashini mbaya inavyofanya. Kila nyumba nilipata Masika. Sikumpata wangu.

Nimefika nyumbani sasa hivi. Siwezi kusema nina tumaini. Nimekaa nafikiri kwamba Koko huyu alitembea kutoka mbali kuuliza swali moja, akajibiwa kwa kasi ya ajabu, na usiku wa leo amelala mahali fulani kilomita mbili kutoka hapa akijaribu kuzoea kwamba mwanawe amekufa. Mimi najua kuzoea huko kulivyo. Nimekuwa humo miezi saba. Nilimtia mwenzangu ndani yake bure, kwa mkono wangu, kwa sababu sikuweza kusoma maneno manne ya mke wangu bila kulia.

Kesho ni Jumapili. Kabla ya misa ya kwanza nitakuwa kwenye mlango wa kanisa la Katindo, nitatazama mikono yenye rozari na mifuko. Nitakaa mpaka misa ya mwisho. Patrick amesema ataacha benchi lake asimame mlango mwingine. Asipoonekana, Jumatatu saa kumi alfajiri nitakuwa mahali malori yanapopakia, na nitauliza kila mama, jina la pili kwanza.

Kabla ya kuzima mashini nimemwandika naye kabatini. Yeye sasa ndiye anayetafutwa. Mahali pa jina nimeweka Masika, mama wa Kambale Siviri. Mahali pa "yuko wapi" nimeacha wazi. Mahali pa "anayemtafuta" nimeandika jina langu lote, na Kadogo akalipokea.

Blogu hii husomwa na watu wachache, wengi wenu wa hapahapa. Kama uko Katindo na nyumbani kwenu, au kwa jirani, amelala mama mdogo wa umbo mwenye mfuko wa viatu vyeusi asioutua chini, usingoje nimfikie. Mwamshe. Mwambie yule wa meza alikosea. Mwambie Kambale yuko Lac Vert, mahema ya nyuma ya kanisa dogo, alikuwa tu nyuma ya watu.